Korona ilipunguza mafua, kifua kikuu ikakificha

Wandugu wanachama, tukipita kwenye koperative tunasikia mara nyingi kwamba wakati wa Korona, kwa kunawa mikono na kuvaa kashene, hata mafua yalipungua. Ni kweli. Mwaka 2020 homa ya mafua ilishuka karibu dunia nzima, na aina yake moja, B/Yamagata, haijaonekana tena kwa uhakika tangu Machi 2020. Virusi vya mafua hukaa ndani ya mtu siku chache tu. Vikikosa mtu mwingine wa kuingia, vinaisha.

Kifua kikuu si hivyo. Mikrobe yake inaweza kulala kwenye mapafu miaka mingi, kama yale majani mabaya ya shambani: unakata juu, mizizi iko chini. Tena inaambukiza zaidi ndani ya nyumba iliyofungwa, na ndimo watu waliambiwa wakae. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa wapya waliotambuliwa milioni 7,1 mwaka 2019, kisha milioni 5,8 mwaka 2020. Ugonjwa haukupungua, watu hawakufika kupimwa. Wengine njia zilifungwa, wengine waliogopa kuitwa wagonjwa wa Korona. Vifo vikaongezeka.

Kwa hiyo, mwanachama akikohoa wiki 2 ao zaidi, asingojee mavuno yaishe. Aende santre ya afya wamupime makohozi. Dawa ni za bure, anakunywa miezi 6 bila kuruka hata siku moja. Na siku ya mkutano, madirisha ya depo yabaki wazi, kama tulivyozoea wakati ule.