Unene wa kupita kiasi: si utajiri, ni ugonjwa

Huku Goma mtu akinenepa sana, majirani wanasema: «Maisha imemkubali!» Hakuna anayeuliza kama anapumua vizuri usiku. Lakini unene wa kupita kiasi ni ugonjwa. Mwaka 2022, watu zaidi ya miliari 1 duniani walikuwa nao.

Hospitalini mganga haangalii kwa macho tu. Anapima kilo na urefu. Mama wa meta 1,60 akifikisha kilo 103, unene wake ni wa hatari kabisa. Ndipo wanamupima tansio, sukari na moyo.

Matunzo yanaanzia kwenye sahani: bugali kidogo, lengalenga na maharagi, sambaza za ziwa bila mafuta mengi, sukari na pombe, hapana. Na kutembea, pole pole. Mwenye kilo 120 akipunguza 6 mpaka 12, tansio na sukari zinaweza kushuka. Dawa zipo, hata upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, kama huko Nairobi. Ila aliyepasuliwa atafuatwa na waganga maisha yote. Dawa za kukondesha za sokoni, tuziache!

Wazazi, ndugu, tusimucheke mugonjwa. Tumusindikize kwenye mizani.