Mtoto Aliyeshitakiwa

Somo letu la leo ni juu ya mtoto aliyeshitakiwa, na jinsi sheria ya Tanzania Bara inavyomtazama.

Tuseme mwanao wa miaka 14 amekamatwa sokoni; yasemekana ameiba baiskeli. Utafanya nini? Wazazi wengine husema, "Mwacheni, afunzwe na ulimwengu," wakabaki nyumbani. Hilo ni kosa kubwa, nami nitakueleza sababu.

Kwanza, umri. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu asiyetimiza miaka 18. Kanuni ya Adhabu nayo yasema kwamba aliye chini ya miaka 10 hana jinai kwa lolote alilotenda. Aliye chini ya miaka 12 hahesabiwi mkosaji mpaka ithibitishwe kwamba alipotenda aliweza kutambua kuwa ni vibaya.

Basi nenda kituoni upesi, na cheti cha kuzaliwa mkononi. Mvulana mrefu huweza kuandikwa kuwa mtu mzima, na kosa hilo la kalamu likamlaza pamoja na wezi wazoefu. Sheria yakataza mtoto kuchanganywa na watu wazima. Omba dhamana pia. Hunyimwa kwa sababu zilizotajwa na sheria, mathalani kosa la kuua.

Pili, kesi. Mahakama ya Watoto husikiliza kesi faraghani, bila vitisho. Afisa wa ustawi wa jamii huwapo, na mtoto ana haki ya kuwa na jamaa yake na wakili.

Tatu, hukumu. Mtoto hafungwi gerezani. Hakimu aweza kumwachilia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Wala mwenye baiskeli hasahauliwi: mzazi aweza kuamriwa kulipa fidia.

Kabla ya kuamua, hakimu hupata taarifa ya afisa wa ustawi juu ya tabia ya mtoto na hali ya nyumbani kwao. Je, taarifa hiyo itasema nini kama mzazi hakuonekana? Ndiyo sababu nasema, usibaki nyumbani.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Kwa nini cheti cha kuzaliwa ni muhimu kituoni?
2. Mtoto akirudi kijijini baada ya kesi, sisi jirani tumpokee vipi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.