Wageni Mlangoni mwa Waamishi

Katika jimbo la Tennessee, nchini Marekani, karibu na mji mdogo uitwao Ethridge, wanakaa Wakristo wakulima waitwao Waamishi, waliofanya maskani yao hapo tangu mwaka 1944. Hawaendeshi motokari, bali husafiri kwa magari ya farasi. Nyumba zao hazina umeme, na mavazi yao ni ya sitara, yasiyo na mapambo. Asili ya madhehebu yao ni Uswisi na Alsace, ambako mwaka 1693 mzee wao Jakob Ammann alifarikiana na wenziwe, akitaka sharia za jamaa zishikwe kwa nguvu zaidi. Katika karne ya 18 wafuasi wake walianza kuvuka bahari kwenda Pennsylvania.

Tusidhani kuwa watu hawa hawazijui mashine. La, hasha! Kila kitu kipya hukipima kwanza: Je, kitatuweka pamoja, au kitatutawanya? Motokari humpeleka mtu mbali na jirani yake, na kwa hiyo wameiacha. Watoto wao husoma madarasa manane tu, kisha hujifunza kazi kwa wazee wao. Na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo la Wisconsin halina ruhusa ya kuwalazimisha Waamishi kuzidisha hapo.

Ajabu ni kwamba dunia waliyojitenga nayo imewafuata hata mlangoni. Watalii huja kuwatazama, na kwenye njia za mashamba huona vibao vilivyoandikwa vitu vinavyouzwa: vikapu, viti, mboga, na maji ya mtama yaliyopikwa hata yakawa mazito kama asali. Siku ya Jumapili hawauzi kitu.

Biashara hii ina faida kubwa, kwani baba hupata riziki nyumbani, mbele ya wanawe, asiende kutafuta kazi ya kiwandani. Lakini ina dhara yake pia. Wahenga walisema: Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe. Mgeni wa Ethridge ni mpya kila siku, na jembe halimfikii! Baadhi yao huwapiga picha wenyeji bila ya idhini, hali wao huchukia kupigwa picha za nyuso, kwa kuwa huona ni kinyume cha amri ya Biblia inayokataza sanamu, tena huleta kiburi. Na mtoto anayekodolewa macho kila siku, je, hatajiona kuwa ni kitu cha maonyesho?

Basi yatupasa tuwafunze wana wetu adabu ya safari. Nyumba ya mtu huingiwa kwa hodi. Na uso wake nao una hodi yake. Mwenye kuwaendea watu hawa na awasalimu, anunue anachotaka kwa bei yao, na aiache kamera yake mfukoni.