Laptopu Kuukuu: Tuibadili au Tuiache?

Siku hizi wako wakulima wanaoweka hesabu zao katika laptopu: maziwa yaliyopelekwa, siku ng'ombe alipopandishwa, mbolea iliyonunuliwa na deni lililobaki. Laptopu nyingine ni kuukuu, nazo huendeshwa na Windows 10. Windows ndiyo programu kuu, yaani msimamizi wa mashine. Programu nyingine zote hufanya kazi chini yake.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza utunzaji wa kawaida wa Windows 10. Mashine hazikuzimika siku ile, na kwa hiyo wengine hudhani hakuna neno. Lakini jambo hili ni kama ng'ombe asiyepelekwa josho tena. Kesho yake atatoa maziwa yale yale. Hata hivyo kupe hawalali, na siku ndigana ikiingia, mwenyewe hupata hasara kwa ghafula. Vivyo hivyo wezi wa intaneti hutafuta matundu katika programu, na tundu lisilozibwa hubaki wazi.

Katika ofisi yetu iko laptopu ya mwaka 2014, yenye hesabu za mifugo za miaka mingi. Fundi mmoja alituambia, "Iacheni hapa, jioni mtaikuta na Windows 11." Tulikuwa karibu kumpa. Kisha tukauliza: na hesabu zetu je? Akajibu kwamba diski itafutwa kwanza. Tuliirudisha ofisini mara moja. Fundi hakuwa na kosa. Sisi ndio tuliochelewa kuuliza.

Basi yafaa kila mwenye laptopu kama hii ajiulize maswali matatu.

Kwanza, hesabu zimenakiliwa? Zinakili katika flashi, kisha fungua nakala hizo katika kompyuta nyingine uone kama zasomeka. Usiiweke flashi katika mkoba wa laptopu, maana mwizi atachukua vyote pamoja.

Pili, mashine yaweza kuubeba mzigo? Windows 11 yataka memori ya GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Kwa upande wa Intel, karibu prosesa zote zilizotangulia kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017, hazimo. Wako mafundi wajuao kuilazimisha mashine, lakini Microsoft haiahidi marekebisho kwa mashine iliyolazimishwa. Huko ni kumvika ndama nira ya maksai.

Tatu, kazi yake ni nini? Ikiwa ni kuandika na kujumlisha tu, bila intaneti, yaweza kuendelea ilivyo, mradi flashi za watu wengine zisiingizwe ovyo. Ikiwa hutumiwa kwa mambo ya fedha au barua za intaneti, isiachwe hivyo.

Kwa mashine isiyoweza Windows 11 iko njia nyingine. Linux Mint ni programu kuu ya bure. Hufanya kazi kwa memori ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora. Huja pamoja na LibreOffice, ambayo hufungua majedwali ya Excel. Tena waweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski, kama mkulima ajaribuye mbegu mpya katika tuta moja kabla ya kuipanda shamba zima. Sisi tulifanya hivyo kwa wiki moja. Printa ilikubali, intaneti ilikubali, majedwali yakafunguka. Programu moja ya zamani ya hesabu ilikataa, ikabidi tuyahamishe yaliyomo katika jedwali kwanza, kazi ya siku mbili. Baada ya hapo ndipo tuliibadili mashine.

Laptopu nyingine hupatikana dukani, lakini hesabu za miaka 10 haziuzwi popote. Kwa hiyo, kabla ya kuamua lolote, nakili hesabu zako mwezi huu.