Ithibati ya Kanda: Vyuo Vikuu vya Marekani Vinavyokaguana

Ithibati ni uthibitisho kwamba chuo kinafundisha kwa viwango vinavyokubalika na kwamba shahada zake zinaaminika. Tanzania na Kenya zimekabidhi kazi hiyo kwa tume za umma za vyuo vikuu. Marekani imefuata njia nyingine. Kibali cha kufungua chuo hutolewa na jimbo, lakini ubora hupimwa na jumuiya binafsi zisizotafuta faida, ambazo wanachama wake ni vyuo vyenyewe.

Jumuiya hizo zilizaliwa wakati jina la chuo lilikuwa halijawa na maana moja. Shule za sekondari zilitofautiana mno, na vyuo vilikosa kipimo cha kuamua nani anafaa kupokelewa. Jumuiya ya New England iliundwa mwaka 1885, ikafuatwa na ya Majimbo ya Kati mwaka 1887, kisha za Kusini na Kaskazini-Kati mwaka 1895. Ya Kaskazini-Magharibi ilianza mwaka 1917 na ya Magharibi mwaka 1962. Kila moja ilishika eneo lake, na hapo ndipo lilipotoka jina la ithibati ya kanda.

Ukaguzi huanza na chuo kujitathmini. Kwa miezi mingi, wahadhiri na watawala huandaa ripoti kuhusu malengo ya chuo, mitaala, sifa za walimu, maktaba, hesabu za fedha na ushahidi kwamba wanafunzi wanajifunza kweli. Kisha hufika jopo la wahadhiri na viongozi wa vyuo vingine, ambao hukaa siku chache wakihoji watu na kulinganisha ripoti na hali halisi. Mwisho, kamisheni ya jumuiya husoma taarifa ya jopo na kuamua: kutoa ithibati, kuonya, kuweka chuo chini ya uangalizi, au kukifutia ithibati. Uamuzi haudumu milele. Kwa kamisheni nyingi, ukaguzi kamili hurudiwa kila baada ya miaka minane hadi kumi, na katikati huwa na taarifa za kufuatilia.

Kisheria, kuomba ithibati ni hiari; fedha ndizo zilizoifanya iwe lazima. Mwaka 1952, Bunge lilipoandaa mafao ya masomo kwa askari waliopigana Korea, lilitaka serikali ichapishe orodha ya wakaguzi wa kuaminika. Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965 ikapanua mikopo na ruzuku kwa wanafunzi, nazo zikafungamanishwa na ithibati. Hivyo Wizara ya Elimu haikagui vyuo. Huwakagua wakaguzi, na fedha hufuata uamuzi wao.

Uzito wa mpango huo ulionekana katika Chuo cha Morris Brown, Atlanta, kilichoanzishwa na Kanisa la African Methodist Episcopal mwaka 1881. Mwaka 2002 jumuiya ya Kusini ilikifutia ithibati kwa sababu ya matatizo ya fedha. Misaada ya serikali kuu ikakatika, na wanafunzi waliokuwa zaidi ya elfu mbili wakapungua hadi makumi. Chuo kilipata ithibati tena mwaka 2022, safari hii kutoka kwa mkaguzi mwingine.

Ithibati ya kanda hupima chuo kizima. Fani zina wakaguzi wake: ABET, kwa mfano, hukagua programu za uhandisi. Kulikuwa pia na wakaguzi wa kitaifa, waliohudumia zaidi vyuo vya ufundi na vya dini. Vyuo vyenye ithibati ya kanda mara nyingi vilikataa kuhesabu masomo ya mwanafunzi aliyehamia kutoka vyuo hivyo.

Tangu Julai 2020, kanuni za Wizara hazitenganishi tena wakaguzi wa kanda na wa kitaifa, na chuo kinaweza kuomba ithibati kwa jumuiya iliyo nje ya eneo lake. Hata kabla ya hapo, mipaka ilikuwa imeshavukwa: chuo kikuu cha USIU-Africa cha Nairobi kina ithibati ya kamisheni ya Magharibi, yenye makao California, pamoja na ile ya tume ya Kenya. Jina la kanda linaendelea kutumika kwa mazoea, ilhali ramani iliyolizaa haina tena nguvu ya kanuni.