Mfarishi, godoro na shiti: maneno ya nguo za Kihindi katika mapambo ya nyumba

Mtafsiri aliyepewa makala juu ya mapambo ya nyumba, akalikuta neno la Kiingereza quilt, aghalabu hukimbilia "blanketi", "shuka" au, siku hizi, "duveti". Hakuna hata moja linalotosha. Blanketi ni kitambaa kimoja kizito, shuka ni kimoja chepesi, nayo duveti ni mfuko uliojazwa nyuzi laini. Kinachokusudiwa ni nguo ya tabaka mbili au tatu zilizoshikanishwa kwa mishono ipitayo juu hadi chini, na mishono hiyo yenyewe ni pambo. Kiswahili kina neno lake la zamani: mfarishi (wingi: mifarishi), kutokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kutandika. Kupiga mishono yake ni kudarizi, ingawa wengi leo huielewa darizi kuwa ni kutia nakshi za uzi tu.

Ajabu ni kwamba hata neno la Kihindi la nguo hiyo tunalo, ila limehama maana. Kwa Kigujarati, godadu ni nguo nene ya kulalia au kujifunika, na mara nyingi hushonwa kwa matambaa makuukuu yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Wamarathi huiita godhadi. Katika pwani yetu neno likawa godoro: kwanza mfuko uliojazwa sufi au usumba, na sasa sponji. Kwa hiyo godhadi ya India isitafsiriwe "godoro". Linganisha:

Alitundika godoro la rangi ukutani.
Alitundika mfarishi wa rangi ukutani.

Msomaji wa Mbagala au Tandale ataicheka sentensi ya kwanza, na atakuwa na haki.

Shiti, yaani kitambaa cha pamba kilichopigwa chapa, hasa ya maua, limetoka katika neno la Kihindi linalohusu matone na madoadoa. Neno hilohilo ndilo lililozaa jina la vitambaa vya maua vilivyopendwa mno majumbani Uingereza katika karne ya 18. Anayetafsiri habari za mapazia ya aina hiyo hana haja ya kuazima neno jipya. Melimeli ni pamba nyembamba inayopitisha mwanga, nayo yafaa kwa chandarua au pazia la ndani. Kaniki, nguo ya rangi nzito ya nili, ilikuwa zaidi vazi la kazi. Sijaiona ikisifiwa katika makala ya mapambo, japokuwa rangi hiyo ndiyo inayotafutwa sana leo.

Doti linahitaji uangalifu zaidi. India ni kitambaa kimoja kirefu ambacho mwanamume hujifunga kiunoni. Kwetu ni jozi ya kanga au khanga, vipande viwili vinavyouzwa vikiwa vimeshikana, kisha hukatwa na kupindwa. Anayeandika kwamba dirisha lilipambwa kwa "doti mbili" ametaja vipande vinne, na fundi wa Kariakoo atakata vinne. Akikusudia kipande kimoja kila upande, aandike "doti moja".

Limebaki neno kiraka. Mafundi cherehani wa Manzese na Tandika hubakiwa na vipande vya vitenge vinavyoweza kuunganishwa vikawa matandiko au foronya. Mwandishi akiiita kazi hiyo "shuka la viraka", msomaji husikia umaskini kabla hajaona rangi, kwa kuwa kiraka huziba tundu. Penye sifa, andika "mfarishi wa vipande". "Viraka" libaki pale ambapo nguo kuukuu inatiwa viraka kweli.

Pengine hapo ndipo Wasidi wanapoingia. Hawa ni watu wa India wenye asili ya Afrika. Mababu wa wale wa kaskazini mwa Karnataka wengi walipelekwa utumwani kupitia Goa wakati wa Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa vipande vya nguo zilizochakaa. Mshonaji huanzia pembeni, akazunguka ukingo wote, kisha akasogea ndani mzunguko baada ya mzunguko mpaka kufika katikati. Pembe nne hutiwa vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua, na kawandi isiyo na phula huhesabiwa kuwa uchi. Hapa viraka ni neno la haki, kwa kuwa nguo za zamani za familia zinaokolewa kweli. Phula nalo lisigeuzwe "maua" bila maelezo, maana msomaji atadhani ni maua yaliyodariziwa, kumbe ni pembetatu ndogo za kitambaa zinazochomoza nje ya pembe za mfarishi.