Chaneli 7,000 kwa Nchi 32: Hesabu ya Masafa ya Kijeshi Ulaya

Kati ya megahezi 225 na megahezi 400 kuna nafasi ya megahezi 175. Ukiikata vipande vya kilohezi 25, kila kipande kikitosha mazungumzo ya rubani na anayemwongoza, unapata chaneli 7,000. Hizo ndizo chaneli ambazo ndege za kivita za NATO hutumia juu ya Ulaya kuzungumza na vituo vya ardhini, na meli, na zenyewe kwa zenyewe. Nchi wanachama ni 32 tangu Sweden ilipojiunga Machi 2024. Ukigawa kwa haraka, kila nchi inapata chaneli 218 na ushei, na mtu anaweza kuona kwamba zinatosha na kubaki.

Tatizo linaanza ndege ikipaa. Mawimbi ya masafa haya husafiri kwa mstari ulionyooka, na kinachoyakata ni mviringo wa dunia. Askari aliyesimama, antena yake ikiwa mita 2 kutoka ardhini, upeo wake ni kilomita 6 hivi. Ndege iliyo futi 30,000, yaani mita 9,144, upeo wake ni kilomita 394. Duara la ukubwa huo lina eneo la kilomita za mraba takriban 488,000, wakati Ujerumani nzima ina 357,000. Rubani mmoja akisema sentensi moja ya sekunde nne, chaneli yake imekaliwa juu ya eneo linaloizidi Ujerumani kwa zaidi ya theluthi moja.

Iweke ndege hiyo juu ya Brussels. Paris iko umbali wa kilomita 260 na kidogo, London kama 320, Amsterdam chini ya 200, na Luxembourg vilevile. Sauti ya rubani huyo inawafikia watu wa Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg, Ufaransa, Ujerumani na Uingereza kwa wakati mmoja. Ndege mbili zikiwa juu kiasi hicho zinaweza kusikilizana, au kuharibiana, zikiwa zimeachana kilomita 788. Ndiyo maana kugawa 7,000 kwa 32 hakuna maana yoyote. Chaneli hutolewa kwa mahali, kwa kimo na kwa saa, na aliyepewa leo hana haki nayo kesho.

Halafu 7,000 zenyewe hazipo zote. Kati ya megahezi 328.6 na 335.4 ipo mitambo inayompa rubani wa ndege ya abiria pembe ya kushukia uwanjani wakati wa ukungu, na hapo jeshi haliruhusiwi kugusa: chaneli 272 zimeondoka. Mwaka 1996 nchi za Ulaya zilikubaliana kwamba polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa wapewe megahezi 380 hadi 385 na 390 hadi 395 kwa redio zao za kidijitali, kwa ridhaa ya NATO: 400 nyingine zimeondoka. Zimebaki 6,328, na humo pia zimo sehemu pana ambazo mawimbi ya setilaiti za kijeshi huzitumia kupanda na kushuka. Megahezi 243.0 ni ya rubani aliyeanguka baharini, na kwa kazi ya kawaida haipangiwi mtu.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye ramani. Chukua mnara mmoja, au mlingoti wa meli, wenye mitambo miwili ya kurushia. Mmoja uko megahezi 250.0, wa pili 252.0. Mawimbi hayo yakikutana ndani ya amplifaya, au hata kwenye kiungio cha chuma kilichoshika kutu, yanazaa mengine: mara mbili ya la kwanza ukitoa la pili, 248.0, na mara mbili ya la pili ukitoa la kwanza, 254.0. Hakuna aliyeyarusha, lakini yapo, na yanamziba anayejaribu kusikiliza ndege ya mbali kwenye chaneli hizo. Mitambo ikiwa 10 mahali pamoja, watoto wa aina hii wanafika 450. Ikiwa 20, wanafika 3,800. Umeongeza mitambo maradufu, usumbufu umeongezeka zaidi ya mara nane. Kwa hiyo afisa wa masafa kwenye meli ya kivita hatafuti tu chaneli iliyo wazi. Anatafuta kundi la chaneli ambazo zikijumlishwa na kutolewa kwa kila namna hazitaangukia nyingine ya kundi hilohilo. Kwa kalamu na karatasi ni kazi ya siku nzima; leo inafanywa na kompyuta, ila kompyuta nayo inahitaji takwimu sahihi kutoka kwa kila mwenye mtambo.

Takwimu hizo huja kwa fomu, na fomu ndiyo moyo wa kazi yote. Kikosi kinachokwenda kwenye luteka katika nchi nyingine huandika majuma kadhaa mapema: masafa yanayoombwa, nguvu ya mtambo kwa wati, mahali pa antena kwa latitudo na longitudo, kimo cha ndege, nusu-kipenyo cha eneo la kazi, siku ya kuanza na ya kumaliza. Kipo pia kifungu kifupi cha herufi na tarakimu, kwa mfano 6K00A3E. Sehemu ya kwanza inasema upana ni kilohezi 6. Herufi A inaeleza namna wimbi linavyobebeshwa sauti, 3 inasema chaneli ni moja na ni ya analogi, E inasema ni maongezi ya watu. Afisa wa Ureno na afisa wa Estonia wanasoma alama hizo saba na kuelewa kitu kilekile bila mkalimani. Mmoja akikosea upana, mahesabu ya jirani yote yanakuwa ya uongo.

Tazama ukubwa wa mahitaji. Luteka ya Steadfast Defender, iliyofanyika tangu Januari hadi Mei 2024, ilikusanya askari wapatao 90,000, meli zaidi ya 50, ndege zaidi ya 80 na magari ya kivita yasiyopungua 1,100. Hata ukihesabu redio moja tu kwa kila chombo, umeshapita 1,230, na hakuna meli ya kivita yenye redio moja. Magari yana eneo lao la chini, megahezi 30 hadi 88, lenye chaneli 2,320. Lakini katika Kanda ya 1 ya Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, ambamo Ulaya na Afrika zimo pamoja, redio za FM zinaanzia megahezi 87.5. Chaneli 20 za juu za kifaru zinagongana na muziki wa mjini.

Je, pesa zinaweza kununua nafasi zaidi? Zimewahi, kwa njia moja tu: kubana. Redio za ndege za miaka ya 1950 zilikata eneo hili kwa kilohezi 100, zikapata chaneli 1,750. Kizazi kilichofuata kikakata kwa 50, zikawa 3,500. Kisha 25, zikawa 7,000. Megahezi haikuongezeka hata moja. Kila hatua ilidai redio mpya kwenye kila ndege, na haina faida mpaka mshirika wa mwisho abadilishe zake, kwa sababu redio pana ya zamani inakanyaga chaneli mbili au nne za wenzake.

Thamani ya nafasi hiyo mtu anaweza kuipima kwenye minada ya kiraia. Mwaka 2018 Uingereza iliuza megahezi 40 zilizokuwa za Wizara ya Ulinzi, karibu na gigahezi 2.3, na kampuni ya O2 ilizichukua zote kwa pauni milioni 205.9, sawa na pauni milioni 5.1 kwa kila megahezi. Marekani ilipiga mnada megahezi 100 kuanzia gigahezi 3.45, eneo la rada za kijeshi, na mnada ulipofungwa Januari 2022 ulikuwa umeingiza dola bilioni 22.5. Kabla haujaanza, sheria ilidai upate angalau asilimia 110 ya gharama ya kuwahamisha wanajeshi na kurekebisha mitambo yao, na kiwango hicho kilikuwa dola bilioni 14.8. Maana yake makadirio ya kuhama yalikaribia dola milioni 134 kwa kila megahezi, na hiyo ni nchi moja inayojadiliana na jeshi lake yenyewe.

Sasa fikiria kuhamisha eneo linalotumiwa na majeshi ya nchi zaidi ya 30. Kama kila nchi ingejadiliana na mwenzake peke yake, NATO ya 1949 yenye wanachama 12 ingehitaji mikataba 66. Kwa wanachama 32 ni 496, na kila redio mpya ingefungua upya yote. Badala yake upo mkataba mmoja wa pamoja kati ya upande wa kiraia na wa kijeshi, ambao toleo la mwisho nililolisoma ni la mwaka 2014, unaotaja eneo baada ya eneo nini ni cha wote na nini kinaombwa nchi kwa nchi. Masafa yanabaki mali ya kila taifa. Maafisa wa NATO mjini Brussels wanapanga eneo la 225 hadi 400, hawalimiliki. Kwa maoni yangu, mkataba huo ni miongoni mwa vitu vyenye thamani kubwa kabisa walivyo navyo, na hauonekani kwenye gwaride lolote.

Kuna eneo jingine ambamo kugawana kunafanywa kwa kuhesabu midundo. Link 16, mtandao wa data unaoziwezesha ndege na meli kuonyeshana picha moja ya anga, unaruka kati ya masafa 51 ndani ya megahezi 960 hadi 1,215. Humo ndimo ndege za abiria zinapima umbali wao kutoka vituoni, na ndimo rada za viwanja huuliza ndege kwa megahezi 1,030 na kujibiwa kwa 1,090. Pembezoni mwa masafa hayo mawili Link 16 imezuiwa. Muda wake umekatwa vipande vya milisekunde 7.8125, vipande 1,536 kila sekunde 12, na kipande cha kawaida kina midundo 258. Zidisha: midundo 396,288 ndiyo inayohesabiwa kuwa asilimia 100. Wakati wa amani mamlaka za anga huweka kikomo cha midundo inayoruhusiwa katika eneo, na kila nchi ina kibali chake. Kikosi kinachotoka nchi moja kuingia nyingine kinaweza kulazimika kupunguza mazungumzo ya mashine zake angani, kwa sababu tu ya mstari wa mpaka.

Gharama ya kutopatana ilionekana Iraq. Vikosi vya Marekani vilipofungiwa mitambo ya kuvuruga redio zinazolipua mabomu ya barabarani, mitambo hiyo ikaziba pia simu za upepo za wenye mitambo. Mwaka 2006 Jeshi la Wanamaji la Marekani likalazimika kupeleka mamia ya wataalamu wake wa vita vya kielektroni wakakae na vikosi vya nchi kavu kusawazisha jambo hilo. Dawa ni orodha yenye makundi matatu: masafa mwiko, yasiyovurugwa kamwe; yanayolindwa kwa muda maalumu kwa sababu wenzetu wanayatumia; na yanayochungwa, ya adui, ambayo yanaachwa hai ili yasikilizwe. Orodha hiyo haina maana kama mshirika mmoja hakuipata asubuhi hiyo.

Na asiyetaka kupatana hana wa kumlazimisha. Ibara ya 48 ya Katiba ya ITU inaziachia nchi uhuru kamili juu ya mitambo yao ya kijeshi, na kuzitaka zizingatie kanuni za dharura na za kuzuia usumbufu kadiri iwezekanavyo. Uvurugaji wa GPS eneo la Baltiki uliifanya kampuni ya ndege ya Finnair isimamishe safari za Tartu, Estonia, kwa mwezi mzima tangu mwisho wa Aprili 2024. Malalamiko yalipelekwa, barua zikaandikwa.

Hesabu hii si ya Ulaya peke yake. Ichukue ndege ileile ya futi 30,000, uiweke juu ya Goma. Kigali iko kilomita 100 hivi, Bujumbura 190, Mbarara 200, Bukoba 290. Nchi tano zinaguswa na sentensi moja. Kati ya Novemba 2022 na Desemba 2023, askari wa Kenya, Uganda, Burundi na Sudan Kusini walikuwa mashariki mwa Congo chini ya kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika eneo lenye jeshi la Congo na walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Kwa nchi nane za Jumuiya, mikataba ya wawili wawili ni 28. Idadi hiyo bado inabebeka, na huu ndio wakati wa bei nafuu wa kuandika mmoja wa wote, kabla kila jeshi halijanunua redio za mtengenezaji wake na kulipia kizazi kizima cha vifaa visivyosikilizana.

Mkutano wa dunia wa ITU wa 2027 utafanyika Shanghai, Oktoba na Novemba. Miongoni mwa maeneo yatakayozungumziwa kwa ajili ya simu za mkononi ni gigahezi 4.4 hadi 4.8, megahezi 400 ambazo majeshi ya Ulaya huzitumia kwa viungo vya data vya uwanja wa vita. Pendekezo hilo linaihusu Kanda ya 1, kwa hiyo wasimamizi wa mawasiliano, TCRA ya Tanzania, CA ya Kenya, UCC ya Uganda na wenzao watakuwa na sauti sawa na ya Ufaransa. Ujumbe wa kila nchi yetu unapaswa kuwa na afisa wa masafa wa jeshi ndani yake, mwenye orodha ya kile ambacho jeshi lake linarusha katika megahezi hizo 400 na kile litakachohitaji, iliyolinganishwa na ya majirani kabla ya ndege kuondoka Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam.